Meat Loaf: mwimbaji aliyeigiza au mwigizaji aliyeimba?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga. Nilianzia kwenye kikundi cha maigizo, sasa naimba katika bendi inayopiga hotelini. Kiongozi wetu hunigombeza karibu kila tukishuka jukwaani, anasema naigiza mno, nisimame niimbe. Juzi nimeona video ya zamani ya Meat Loaf, yule Mmarekani mnene wa roki, anaimba huku jasho linamtiririka na anavutana na mwimbaji mwenzake kama wako kwenye tamthilia. Nikasoma kwamba albamu yake iliuza mamilioni, kisha akafilisika, na kwamba alicheza filamu nyingi. Naomba kujua, huyu alikuwa mwimbaji aliyeigiza au mwigizaji aliyeimba? Na ilikuwaje akaanguka? Nauliza kwa sababu nataka kujua kama njia hiyo ina maisha."

Marahaba, mdogo wangu. Nitakujibu moja kwa moja, kisha nieleze. Meat Loaf alikuwa mwigizaji. Sauti alijaliwa, na ilikuwa sauti kubwa kwelikweli, lakini kazi iliyomfunda ni tamthilia, na mpaka mwisho wa maisha yake aliukabili kila wimbo kama mtu aliyepewa uhusika auvae. Hicho ndicho kilichompandisha. Kwa kiasi kikubwa ndicho kilichomwangusha pia, kwa sababu mwigizaji hawezi kitu bila mwandishi, na mwandishi wake alikuwa mmoja tu.

Alizaliwa Dallas, jimbo la Texas, mwezi Septemba 1947, akaitwa Marvin Lee Aday. Mama yake alikuwa mwalimu aliyeimba nyimbo za injili. Baba yake alikuwa polisi, na pombe ilimshinda. Mama alipofariki kwa saratani, kijana akaenda Los Angeles, akaunda bendi ambayo haikufika mbali. Mlango uliofunguka ulikuwa wa tamthilia: alipata nafasi katika igizo la muziki la Hair, lililokuwa likivuma wakati ule. Kutokana na Hair yeye na mwigizaji mwenzake wa kike waliokuwa Detroit wakapewa mkataba na kampuni ya rekodi ya Motown, wakatoa albamu moja mwaka 1971. Haikutikisa. Angeweza kuishia hapo, kama walivyoishia wengi.

Mwaka 1973 alikwenda New York kufanyiwa majaribio kwenye ukumbi wa Public Theater, kwa ajili ya igizo la muziki liitwalo More Than You Deserve, la wanajeshi wa Marekani walioko Vietnam. Mtunzi wa nyimbo za igizo hilo alikuwa kijana mmoja mpiga piano, Jim Steinman, msomi wa chuo cha Amherst aliyependa opera za Wagner, mtunzi wa Kijerumani, kwa kiasi kilekile alichopenda roki. Nataka uishike siku hiyo, maana yote yaliyofuata yalitoka humo. Steinman alikuwa anaandika nyimbo ambazo hakuna mwimbaji wa kawaida angezibeba: ndefu, zenye mabadiliko ya ghafla, zenye watu wawili au watatu wanaogombana ndani yake. Sasa mbele yake akasimama mtu mwenye kifua cha ng'ombe dume, anayejua kukaa ndani ya mhusika.

Katikati ya hapo likaja The Rocky Horror Show, igizo lililotoka London na kupelekwa Los Angeles mwaka 1974 katika ukumbi wa Roxy. Humo Meat Loaf alicheza watu wawili tofauti kabisa: Eddie, kijana wa pikipiki anayezuka, anaimba wimbo mmoja wa kasi na kuuawa, na Dakta Scott, mzee wa heshima aliye kwenye kiti cha magurudumu. Igizo lilipogeuzwa filamu mwaka 1975 akabakiziwa Eddie peke yake. Anaonekana dakika chache tu, lakini watu hawakumsahau tena. Ukitazama sehemu ile, usiangalie pikipiki. Angalia jinsi anavyotamka maneno. Wimbo unakimbia kwa kasi ya kutisha, na kila neno linasikika hadi viti vya nyuma. Hiyo ni nidhamu ya mtu aliyefundishwa kwamba mtazamaji asiyeelewa maneno ameibiwa nauli yake.

Sasa tuje kwenye hiyo albamu, Bat Out of Hell. Steinman alikuwa na igizo lake la muziki lililotokana na kisa cha Peter Pan, akaliita Neverland. Nyimbo tatu za igizo hilo, ukiwemo wimbo wa Bat Out of Hell wenyewe, ndizo zilizokuwa msingi wa albamu. Kwa hiyo unaposikiliza Bat Out of Hell, unasikiliza vipande vya tamthilia ambayo haikupata jukwaa lake wakati ule, vikaingia kwenye santuri. Kampuni nyingi ziliikataa. Bosi wa Arista, Clive Davis, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Hawakuwa wajinga, mdogo wangu: albamu nzima ina nyimbo saba, mmoja unakaribia dakika kumi, mwingine dakika nane na nusu. Nani angepiga wimbo huo redioni?

Aliyewakubali ni Todd Rundgren, mwanamuziki na prodyuza, ambaye amesema mara nyingi kwamba aliichukulia kazi ile kama kuigiza kwa kejeli muziki wa Bruce Springsteen, nyota wa roki wa Marekani. Pamoja na hayo aliifanya kwa dhati. Mlio wa pikipiki unaousikia katikati ya wimbo wa kwanza ni gitaa lake mwenyewe. Ngoma alipiga Max Weinberg na piano alipiga Roy Bittan, wote wawili wa bendi ya Springsteen. Mwishowe kampuni ndogo ya Cleveland International ikaichukua, ikasambazwa na kampuni ya Epic, ikatoka Oktoba 1977.

Haikulipuka siku ya kwanza. Iliuzwa na jukwaa na televisheni, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu video uliyoiona bila shaka ni ile ya Paradise by the Dashboard Light.

Wimbo ule ni tamthilia ya sehemu tatu. Kwanza kijana na msichana wako ndani ya gari usiku, wote wana furaha. Kisha muziki unabadilika na sauti ya mtangazaji wa besiboli inaingia, Phil Rizzuto, mtangazaji wa kweli wa mechi za Yankees, anatangaza mchezaji anayekimbia kutoka kituo hadi kituo, na msikilizaji anaelewa kinachoendelea garini bila kuambiwa. Halafu msichana anakatisha kila kitu: kabla hatujaendelea, nijibu, utanipenda milele? Kijana anaomba apewe usiku mmoja afikirie. Msichana hakubali. Wanavutana, sauti juu ya sauti, mpaka kijana anaapa, na sehemu ya mwisho tunawakuta miaka mingi baadaye wamechokana, kila mmoja anaomba siku ya mwisho ifike apumzike na mwenzake.

Sauti ya kike katika rekodi ni ya Ellen Foley, naye alikuwa mwigizaji. Kwenye video anayeonekana ni Karla DeVito, aliyekwenda naye ziarani, akifuatisha sauti ya Foley. Tazama wanachofanya. Meat Loaf ana shati la mikunjo, koti la sherehe, na leso nyekundu mkononi. Ni bwana harusi anayeyeyuka. Hakuna hata ishara moja ya mkono iliyowekwa kwa ajili ya kupendeza. Akimsogelea DeVito ni kwa sababu yule kijana anamtaka. Akirudi nyuma ni kwa sababu ameulizwa swali ambalo hana jibu lake. Jasho lile ni la mtu aliyebanwa. Kila mmoja wao anataka kitu, na anachotaka huyu, yule hatoi. Huo ndio uigizaji, uwe unaongea au unaimba.

Sasa sikiliza Heaven Can Wait katika albamu ileile. Piano, vinanda, na sauti yake ya juu anayoibana isikue. Au Two Out of Three Ain't Bad, wimbo wa mwanamume anayemwambia mwanamke ukweli mchungu, kwamba anamtaka na anamhitaji ila hatampenda kamwe. Humo hafurukuti. Ule ndio wimbo uliofika nafasi ya 11 Marekani na kuivuta albamu nzima nyuma yake. Mtu yuleyule, sauti ileile, mhusika mwingine, basi na mwili mwingine.

Hapo ndipo ninapomrudia kiongozi wako. Kuna kuuigiza wimbo na kuna kuupamba. Anayepamba huja na mikono yake, macho yake na magoti yake aliyoyazoea, akayaweka juu ya kila wimbo, uwe wa harusi au wa msiba. Huyo anachosha, na kiongozi ana haki ya kumkemea. Anayeigiza hujiuliza kwanza: ninayeimba ni nani, nasema na nani, nataka anifanyie nini? Jibu likiwa "nataka anisamehe na naogopa kumtazama", basi utasimama tuli na hilo ndilo igizo. Sijakuona ukiimba, hivyo sitasema uko upande gani, lakini jipime kwa swali hilo kabla ya kumlaumu mzee wa watu. Na kumbuka hotelini watu wanakula na kuongea. Ukumbi ule haujalipiwa tiketi ya kukutazama wewe. Meat Loaf mwenyewe alijengwa na kumbi ambazo watu walikuja kukaa, kunyamaza na kutazama.

Albamu ile leo inatajwa kuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 40 duniani. Huko Uingereza haijawahi kushika namba moja, lakini imekaa kwenye chati ya albamu kwa jumla ya wiki zaidi ya 500. Utauliza, basi alifilisikaje?

Kwanza, sauti. Ziara ya 1978 ilikuwa ndefu na aliimba kila usiku kana kwamba ndio wa mwisho. Huko Ottawa aliruka kutoka jukwaani akaumia mguu, akaendelea na ziara akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kisha sauti ikagoma. Steinman alikuwa ameshaandika albamu ya pili, akasubiri, akachoka kusubiri, mwaka 1981 akairekodi mwenyewe kwa jina la Bad for Good. Nimeisikiliza sana albamu hiyo na wanafunzi wangu. Nyimbo ni nzuri sana, na mtunzi anazijua kuliko mtu yeyote, lakini hazina mtu ndani yake. Ndiyo maana nasema hawa wawili walikuwa nusu mbili: mmoja bila mwenzake alibaki na maneno, mwingine bila mwenzake alibaki na kifua.

Mwaka huohuo Meat Loaf alipata nafuu akatoa Dead Ringer, yenye nyimbo za Steinman na ule wimbo alioimba na mwimbaji Cher. Uingereza ilishika namba moja. Marekani haikufanya vizuri. Baadaye yeye na Steinman wakagombana, mameneja na kampuni wakaingia, kesi zikafuatana, na mwaka 1983 Meat Loaf akatangaza kufilisika. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, nyimbo mbili za Steinman zilishika nafasi ya kwanza na ya pili Marekani kwa wakati mmoja: Total Eclipse of the Heart wa Bonnie Tyler, na Making Love Out of Nothing at All wa kundi la Air Supply. Meat Loaf alisema kwamba nyimbo zile zilikuwa zimekusudiwa yeye. Fikiria mtu amekaa na wanasheria, na redioni zinapita nyimbo zilizomfaa koo lake.

Pili, na hapa naomba unisikilize kama kaka yako, ni haki. Meat Loaf hakuwa mtunzi. Kila nakala ikiuzwa, kila wimbo ukipigwa, mtunzi ana fungu lake linalojulikana. Mwimbaji hutegemea mkataba aliosaini na kampuni ya rekodi, na mikataba ya wakati ule ilimlipa mwimbaji baada ya gharama zote kukatwa. Nchini Marekani hata leo redio za kawaida humlipa mtunzi wimbo unapopigwa, hazimlipi mwimbaji wa rekodi. Hata jalada la albamu ilibidi libishaniwe: Steinman alitaka jina lake liwe sawa na la mwimbaji, akaishia kupata mstari mdogo unaosema nyimbo ni za Jim Steinman. Jina kubwa likaenda kwa mmoja na haki za utunzi zikabaki kwa mwingine, kila mmoja akahisi amepunjwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2006, walifikishana tena kwa wanasheria kuhusu nani mwenye jina la Bat Out of Hell, wakati Meat Loaf anaandaa albamu ya tatu ya jina hilo chini ya prodyuza mwingine. Wakapatana.

Miaka ya 1980 hakulala. Alizunguka kwenye kumbi ndogo, hasa Uingereza na Ulaya, akitoa albamu ambazo si za kukumbukwa sana. Mimi namheshimu zaidi kwa miaka ile kuliko kwa ile ya mamilioni. Aliijenga upya sauti kwa kuimba, usiku kwa usiku, mbele ya watu mia chache.

Halafu Septemba 1993 yeye na Steinman walitoa Bat Out of Hell II. Wimbo wake mkuu, I'd Do Anything for Love, katika albamu una dakika 12. Ulishika namba moja katika nchi 28, ukakaa wiki saba kileleni Uingereza, ukampa tuzo ya Grammy mwaka 1994. Alikuwa na miaka 46. Ni mfumo uleule: mwanamume anaapa kwa dakika nyingi, kisha mwishoni mwanamke anaingia na maswali yanayompima. Sauti ile ya kike ni ya Lorraine Crosby, mwimbaji wa Kiingereza. Aliingia studio kurekodi sauti ya mfano tu, ya kumwongoza mwimbaji ambaye angechaguliwa baadaye. Ikapendwa, ikaachwa. Kwa kuwa ilirekodiwa kama mfano, hakupata mrabaha, na kwenye video anayeonekana ni mrembo mwingine anayefuatisha midomo. Dunia nzima iliimba na sauti yake. Kabla hujaimba "mfano" studio kwa mtu yeyote, uliza imeandikwaje.

Kuhusu filamu, zipo nyingi, na zingine ni za kupita tu. Mwaka 1980 alikuwa mhusika mkuu wa Roadie, akicheza dereva wa lori anayegeuka fundi wa ziara za muziki. Iliyobaki kwenye kumbukumbu za watu ni Fight Club ya David Fincher, ya mwaka 1999. Humo ni Bob, mtu aliyekuwa mnyanyua vyuma, sasa ana saratani, mwili umemlegea, anahudhuria kikundi cha kufarijiana. Walimvalisha vazi zito la kumnenepesha, lililojazwa mbegu za chakula cha ndege ili nyama ininginie kama nyama ya kweli. Katika vazi hilo anamkumbatia mwigizaji mkuu, Edward Norton, na kulia. Hapazi sauti, haimbi, hana leso. Anaongea polepole kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo. Waliomjua kwa roki walishangaa. Mimi sikuona cha kushangaa, kwa sababu yule wa Two Out of Three alikuwa tayari anaweza hivyo.

Mwili ulimlipisha. Novemba 2003 alianguka jukwaani Wembley, ikagundulika ana kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo inayovuruga mapigo, akafanyiwa upasuaji. Mwaka 2016 alianguka tena akiwa anaimba Edmonton, Kanada. Mwaka huohuo ikatoka albamu yake ya mwisho, yote nyimbo za Steinman. Mwaka uliofuata, Februari 2017, Bat Out of Hell ikapandishwa jukwaani Manchester kama igizo kamili la muziki, karibu miaka 40 baada ya albamu kutoka. Steinman alifariki Aprili 2021. Meat Loaf akamfuata Januari 2022, akiwa na miaka 74.

Umeuliza kama njia hiyo ina maisha. Ina maisha, ila usimwige pale alipojimaliza. Mazoezini imba kwa nusu sauti, hifadhi ukubwa kwa ajili ya onyesho. Sehemu za juu zipe pumzi ya tumbo, na koo likianza kukwaruza siku mbili mfululizo, nyamaza, usilifunike kwa tangawizi na kujikaza. Mwombe kiongozi wako wimbo mmoja tu kwa usiku, wimbo wa kujibizana kama mnaye dada mwenye sauti kwenye bendi, muuigize kama tamthilia, uliobaki wote simama uimbe anavyotaka. Mkichagua, mfanyie mazoezi kwanza kwa kuongea maneno bila muziki, mpaka kila mmoja ajue anataka nini kwa mwenzake.

Na anza kutunga. Hata beti mbili, hata na rafiki yako mpiga kinanda. Mkikamilisha wimbo, andikeni siku hiyohiyo kwenye karatasi nani katunga maneno, nani katunga tuni, na mgawo ni upi, wote msaini, kisha mkasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haujapigwa popote. Kama tayari kuna prodyuza amekuita kurekodi, niandikie tena na unitumie kipengele cha malipo na cha haki kama kilivyoandikwa, kabla hujaweka sahihi.